Baabul: Nani Anamwachilia Mjane?

Leo siandiki juu ya siasa, wala juu ya barabara ya Sake–Masisi–Walikale. Naandika juu ya filamu ya Kihindi. Najua wengine wataanza kucheka: mutu amemaliza iniversite, anakaa kutuchambulia filamu za watu wanaoimba kwenye mvua! Cheka kwanza, kisha usome. Maana sisi wote tumekulia mbele ya hizo filamu. Rubaya, Mweso, Kitchanga, Njingala, mahali popote penye soko na jenereta, palikuwa na kibanda cha video: mbao za kukalia, shiti kwenye dirisha, na sauti ya mtafsiri mmoja anayesema kwa niaba ya wote, mwanaume, mwanamke, mtoto, na hata farasi. Wengi wetu tulijua jina la Amitabh Bachchan kabla ya kujua jina la gavana wetu.

Filamu yenyewe inaitwa Baabul. Ilitoka Desemba 2006, na aliyeiongoza ni Ravi Chopra, yule yule aliyetupatia Baghban mwaka 2003, ile ya wazee wawili waliotenganishwa na watoto wao. Wazee ni wale wale pia: Amitabh Bachchan na Hema Malini. Hapa wanaitwa Balraj na Shobhna, watu wa mali nyingi, wenye mtoto mmoja tu, Avi, ambaye ni Salman Khan. Avi anarudi kutoka masomo Marekani, anampenda Millie, msichana mchoraji wa picha, ambaye ni Rani Mukerji. Wanaoana, wanazaa mtoto wa kiume, Ansh. Kisha Avi anakufa katika ajali. Millie anabaki kama mutu aliyezimwa. Baba mkwe wake, Balraj, anashindwa kuvumilia kumuona hivyo. Anakumbuka kwamba kuna kijana mmoja, Rajat, mwanamuziki, rafiki wa Millie wa siku nyingi, aliyempenda kimya kimya na akaondoka kwenda Ulaya bila kusema. Mzee anasafiri kumtafuta huyo Rajat, ambaye ni John Abraham, ili amuombe aje kumuoa mke wa mtoto wake.

Hiyo njo hadithi. Mkiisoma hivi inaonekana nyepesi. Lakini mimi nimeiona mara tatu, na ile mara ya pili ilinigusa mahali ambapo sikuwa tayari kuguswa.

Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka 2022 katika shimo la koltani upande wa Rubaya, mlima uliposhuka baada ya mvua. Aliacha mke na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Aliacha pia telefone yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake karte ya memori: nyimbo za kwaya, foto za ndoa yake, na filamu kumi na moja za Kihindi zilizotafsiriwa. Baabul ilikuwa moja kati ya hizo. Mara ya kwanza niliiona nikiwa peke yangu, juma mbili baada ya maziko, na sikumbuki kitu zaidi ya kwamba nililia, na kwamba sikujua kama nilimlilia Salman Khan au kaka.

Kilio kikaisha. Wazee wakaanza kuniangalia. Nilikuwa na miaka 24, mwaka wa pili iniversite, Goma. Kwetu hakuna mutu anayekuambia waziwazi, "Rithi huyu mwanamke." Wanasema, "Moto wa nyumba ya kaka yako usizimike." Wanasema, "Mutoto wa mutu haleewi na mugeni." Kila niliporudi likizo, chakula changu kililetwa na shemeki mwenyewe, na waliokuwa wamekaa karibu walianza kuondoka mmoja mmoja, pole pole, mpaka tunabaki sisi wawili na sahani ya sombe katikati. Yeye alikuwa anaangalia chini. Mimi nilikuwa nakula haraka. Tulikuwa tumecheka pamoja miaka mingi, yeye na mimi, na sasa hatukuwa na neno hata moja.

Mwanzoni mwa 2024 vita vilipofika Sake, familia yote ilikimbilia Goma. Tukapanga vyumba viwili Ndosho, watu kumi na mmoja. Jioni hakukuwa na la kufanya. Siku moja mdogo wangu akachukua ile telefone ya kaka, akaiegemeza kwenye bidoni ya maji, akafungua Baabul. Sikuwa na nguvu ya kumkataza. Baba alikuwa kwenye kiti, mama na shangazi kwenye mkeka, shemeki karibu na mlango anamenya viazi. Hiyo njo mara ya pili.

Nianze na kile ambacho filamu hii inafanya vizuri, maana kipo.

Filamu nyingi za namna hii zinamuua bwana wa kwanza upesi. Dakika kumi, amekufa, na wewe mtazamaji hujapata nafasi ya kumzoea. Akitokea wa pili unasema sawa, waoane. Ravi Chopra hakufanya hivyo. Anatufanya tuishi na Avi muda mrefu. Tunaona utani wake na baba yake, wanavyotaniana kama marafiki wa shule. Tunaona uchumba, ndoa, mtoto. Tena amemweka Salman Khan, mutu ambaye watu wanalipa kiingilio kwa ajili yake. Kwa hiyo Avi akifa, sisi wenyewe hatumtaki Rajat. Rajat ni mzuri, hana kosa, lakini anakaa kwenye kiti cha mutu. Kumbe muongozaji ametuvika moyo wa mama mkwe bila sisi kujua. Shobhna akikataa Millie aolewe tena, hatuwezi kumhukumu haraka, juu nasi tumekataa kabla yake. Mama yangu, jioni ile, alimuona Rajat akitabasamu, akasema, "Huyu naye anacheka nini?" Njo nikajua filamu imefanya kazi.

Jambo la pili ni jina. Babul ni neno la kule kwao la kumwita baba, hasa katika nyimbo za kumuaga bibi harusi anapotoka nyumbani kwao. Binti anaondoka, anamlilia babul wake. Sasa angalia: katika filamu hii anayebeba jina hilo si baba aliyemzaa Millie. Ni baba mkwe. Yule aliyempokea kama mke wa mtoto wake njo anayekuja kumtoa kama binti yake. Hapo kuna wazo kubwa kuliko filamu yenyewe. Linasema kwamba mwanamke aliyeingia katika ukoo kwa ndoa anaweza kugeuka mtoto wa ukoo huo kweli kweli, na kama ni mtoto, basi anaweza kuagwa kwa heshima aende, kama tunavyowaaga mabinti wetu wengine.

Na usidhani hilo lilikuwa jepesi kwao. Katika koo nyingi za Kihindu mjane alitakiwa avae nyeupe, avue mapambo, asionekane kwenye sherehe. Sheria ya kuruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ilipitishwa mwaka 1856, baada ya kazi kubwa ya mwalimu mmoja wa Bengal, Ishwar Chandra Vidyasagar. Huyo Vidyasagar hakuishia kwenye karatasi: mwaka 1870 mtoto wake mwenyewe wa kiume alioa mjane. Lakini toka 1856 mpaka 2006 ni miaka 150, na bado mutu ametengeneza filamu ndefu, na wachezaji wakubwa kabisa, kubishania jambo ambalo sheria ilikwisha kulimaliza. Hapo sisi wa Masisi na Walikale tunaelewa bila kuelezwa. Nasi tuna Kode ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, na inasema wazi kwamba kila mmoja wa wanaooana anatakiwa akubali mwenyewe. Wangapi kati yetu tumesikia hiyo Kode ikitajwa kwenye kikao cha familia? Mimi niliisoma kwa ajili ya mtihani, nikapata pointi nzuri, nikairudisha kwenye begi.

Sasa nije kwa baba yangu.

Kuna pale Balraj anaposimama kumtetea mkwe wake mbele ya kaka yake mkubwa, Balwant, anayechezwa na Om Puri, mzee wa mila, mkali, asiyetaka kusikia habari ya mjane kuolewa. Mtafsiri wetu, Mungu ambariki, alimfanya Balraj aseme kama mzee wa kwetu kabisa, na mithali juu. Wote tulikuwa kimya. Ndipo baba akasema, bila kugeuka:

"Huyu muzee iko na pesa. Mwenye pesa anaweza kuachilia."

Nilikasirika ndani yangu. Nilidhani anakwepa. Ilinichukua miezi kuona kwamba baba alikuwa ametoa hoja ambayo sikuisoma kwa mchambuzi yeyote. Katika Baabul hakuna anayeuliza gharama. Nyumba ni kama hoteli. Millie akiondoka, hakuna shamba linalogawanyika, hakuna mbuzi wa kurudishwa, hakuna mjomba aliyekopesha mali ya ndoa na sasa anataka kujua hesabu yake imeishia wapi. Mtoto Ansh, mjukuu pekee wa mzee aliyefiwa na mtoto pekee, anakwenda na mama yake, na filamu inapita hapo haraka kama gari inayopita kizuizi usiku.

Kwetu njo hapo mambo yote yanapokaa. Kaka hakumuoa shemeki peke yake. Mbuzi zilitoka kwa baba, mbili kwa baba mdogo, moja kwa mjomba. Kila aliyechangia anajiona ana neno. Na mtoto ni wa ukoo uliotoa mali. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Kwa hiyo tukisema "mjane arithiwe", wengi wa nje wanasikia ukatili tu. Uko, siukatai. Lakini ndani yake kuna hesabu pia, na kuna hofu: mwanamke akienda, mtoto atakula nini kule, atatumia jina gani, atarudi? Baba yangu si mutu mbaya. Ni mzee aliyepoteza mtoto, ng'ombe na shamba katika miaka miwili, na alikuwa amebakiwa na mjukuu mmoja anayefanana na marehemu. Filamu inayotaka kumwambia mutu kama huyo "achilia" inapaswa kumuonyesha kwanza kwamba inajua anashikilia nini. Baabul haikumuonyesha. Ilimpa Balraj moyo mzuri na mali nyingi, kisha ikatuomba tupigie makofi moyo.

Tena hebu tulinganishe na filamu nyingine mnayoijua wote, Kuch Kuch Hota Hai ya Karan Johar, 1998. Pale mfiwa ni mwanaume: Rahul, yaani Shah Rukh Khan. Mke wake Tina amekufa muda mfupi baada ya kujifungua. Na sasa ona dunia nzima inavyomsaidia Rahul apende tena. Mama yake anataka. Mtoto wake wa miaka minane anafunga safari kumtafutia mke. Hata marehemu mwenyewe ameacha barua za kupanga mambo! Hakuna kikao cha ukoo, hakuna mzee anayegonga fimbo chini. Na yule Tina, marehemu anayetoa ruhusa kwa mikono miwili, anachezwa na nani? Rani Mukerji. Miaka minane baadaye, huyo huyo Rani Mukerji ni Millie, na sasa yeye njo mfiwa, na lazima ukoo wote upigane kwanza ili apate ruhusa. Mwanamke mmoja, uso ule ule. Akifa, anamfungulia bwana mlango. Akifiwa, anangoja kufunguliwa. Sidhani kama kuna mutu aliyepanga hilo, lakini ukiziangalia filamu hizi mbili juma moja, huwezi kuacha kuliona.

Na hili linanifikisha kwa shemeki.

Alikuwa amekaa kimya filamu yote, kisu na viazi. Tulipofika pale Balraj yuko Ulaya anazungumza na Rajat, anamshawishi arudi, anamueleza mateso ya Millie, shemeki akauliza, polepole, kama anajiuliza mwenyewe:

"Na ule mwanamuke, mbona hawamuulize?"

Hakuna aliyejibu. Mama alikohoa. Mimi niliangalia bidoni ya maji.

Wapendwa, hilo njo kosa kubwa la Baabul, na nililiona kwa macho ya mutu aliyekuwa anamenya viazi. Filamu inadai inamtetea mjane. Lakini mazungumzo makubwa yote ni ya wanaume: Balraj na Rajat, Balraj na Balwant. Kabla Millie hajaulizwa neno, mume amekwisha kutafutwa, amekwisha kuombwa, amekwisha kusafiri. Millie anakuja kukubali mwisho, ndiyo, na machozi yake ni ya kweli, Rani Mukerji hachezi ovyo. Lakini kukubali mwishoni si sawa na kuulizwa mwanzoni. Balwant anataka Millie abaki kwa sababu ukoo umesema. Balraj anataka Millie aende kwa sababu Balraj ameona. Mmoja ni mkali, mwingine ana huruma, lakini ufunguo uko mfukoni mwa nani? Ndugu hao wawili wanabishania mlango, na mwenye kupita mlangoni amekaa pembeni.

Kuna na mjane mwingine katika filamu hii ambaye wengi hawamkumbuki. Anaitwa Pushpa, anachezwa na Sarika. Ni mjane wa ukoo huo huo, aliyefuata mila yote, akazimika ndani ya nyumba. Anapewa nafasi ndogo sana. Filamu inamweka pale kama mfano, ili Balraj apate hoja: muone, mnataka Millie awe kama huyu? Na baada ya hoja kushinda, Pushpa anabaki pale pale. Hakuna anayesafiri kwenda Ulaya kwa ajili yake. Hakuna kijana wa zamani anayemkumbuka. Kama ningepewa kutengeneza filamu moja kutoka ndani ya Baabul, ningemfuata Pushpa jikoni jioni ya harusi, wageni wakishaondoka, nione anaosha vyombo vya nani.

Bado kuna shangazi. Mwezi wa tatu 1993, vita vilipoanzia sokoni Ntoto, Walikale, na kusambaa mpaka kwetu Masisi, bwana wake alitoka asubuhi kwenda kuangalia ng'ombe. Hajarudi mpaka leo. Hakuna aliyemuona amekufa, hakuna aliyemuona mzima. Shangazi hakufanya kilio, maana utamliliaje mutu anayeweza kuingia kesho? Hakuolewa, juu bado ni mke. Hakurithiwa, juu si mjane. Amekaa hivyo zaidi ya miaka thelathini. Filamu ilipoisha, wakati mdogo wangu anafunga telefone, shangazi aliuliza swali moja tu:

"Avi, walimuona maiti?"

Tukasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda kulala.

Nimesoma mambo mengi juu ya mapenzi baada ya msiba, na filamu karibu zote za namna hiyo zinaanza na jambo moja linalojulikana: amekufa. Kuna simu kutoka hospitali, kuna maiti, kuna maua juu ya foto. Msiba una tarehe, na kutoka tarehe hiyo mutu anaanza kuhesabu kurudi kwenye maisha. Kwetu, kati ya Masisi na Walikale, kuna wanawake wangapi wasio na tarehe? Huyo mwanamke mimi sijaona filamu iliyomtafuta, na sisi wenyewe hatujamuandikia. Simlaumu Ravi Chopra kwa hilo. Ninatulaumu sisi tuliosoma.

Mwisho niwaeleze yaliyofuata, maana mtaniuliza.

Mwezi wa kumi na moja 2024 kikao kikaitwa. Baba, baba wadogo wawili, mjomba, mzee mmoja wa kanisa. Wanawake walikuwa inje. Baba mdogo akaanza na ule wimbo wa moto wa nyumba. Walipofika kwangu nilisema kitu kifupi, na sauti ilitetemeka, sitadanganya. Nilisema: "Baba, mimi ni shemeki yake, na nitabaki shemeki yake. Mutoto wa kaka ni mutoto wangu, minerval yake nitasaidia kulipa. Lakini juu ya yale mengine, mwenyewe iko hapo inje, na anasikia. Tumuite."

Baba mdogo alisema masomo yameniharibu. Inawezekana. Lakini baba yangu, baada ya muda mrefu, akasema, "Aitwe."

Shemeki akaingia, akapiga magoti kama desturi, akasema anataka kwenda kukaa kwa mama yake upande wa Walikale, yeye na mtoto, aendelee na mashine yake ya kushona. Mzee wa kanisa akamuuliza kama kuna mwanaume kule anayemngoja. Akajibu:

"Sijasema nataka bwana. Nasema siku nikimutaka, muniulize mimi."

Hawakupiga makofi. Hakukuwa na muziki. Baba alisema mtoto aende na mama yake mpaka umri wa shule, halafu tutaongea. Juu ya mbuzi, baba mdogo bado anadai zake mbili mpaka leo, na kila sikukuu anazitaja. Miezi miwili baadaye Goma ikaanguka, na mwezi wa tatu 2025 vita vikafika Walikale-Centre. Shemeki na mtoto walilala porini siku sita. Sasa wamerudi nyumbani. Anashona. Mtoto anakaribia umri ule tuliousema, na najua kikao kingine kinakuja, na safari hii sijui baba atasema nini.

Ile karte ya memori alikwenda nayo. Kwa hiyo ili niandike haya nimelazimika kutafuta Baabul upya, na hiyo ni mara ya tatu: filamu nzima, kwa Kihindi, na maandishi ya Kifaransa chini. Hapo nikagundua watafsiri wetu wanatunyima kitu. Wanakata nyimbo, au wanaongea juu yake. Nyimbo za filamu hii ni za Aadesh Shrivastava, na mahali pengi huzuni imekaa humo, si kwenye maneno ya wazee. Bila nyimbo, tunabaki na kikao tu.

Je, niwashauri muione? Ndiyo. Ni ndefu, inalia sana, mahali pengine inahubiri kama padri wa sikukuu. Lakini msiione peke yenu kitandani na ekute masikioni. Ioneni na wazazi, na shangazi, na mke wa kaka. Mkifika pale mzee anapozungumza na Rajat, simamisheni kidogo, mtafute mutu mmoja chumbani ambaye hajasema kitu toka mwanzo. Mumuulize anaonaje. Kisha mnyamaze, mumsikilize mpaka amalize.